Majina Mawili: Kumbukumbu za Utoto katika Nyumba za Wachina wa Marekani

Tangu Bethwell Ogot alipochapisha historia yake ya Waluo wa Kusini mwaka 1967, hoja ya kwamba masimulizi ya mdomo yanaweza kuwa msingi wa historia haihitaji tena kutetewa sana mbele ya wasomaji wa jarida kama hili. Hata hivyo, kwa kawaida hoja hiyo tumeitumia mahali ambapo hati hazipo: mababu hawakuandika, kwa hiyo tunawaendea wazee. Makala haya yanahusu hali iliyo kinyume. Ni hali ambayo hati zipo tele, zimepigwa mihuri, zimetiwa sahihi na kubandikwa picha, na ilhali mengi yaliyoandikwa ndani yake juu ya ukoo na uzazi ni uongo uliotungwa kwa makusudi.

Ninakusudia kuwazungumzia watoto wa wahamiaji Wachina waliokulia katika jimbo la California, hasa mjini San Francisco, tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, pamoja na kumbukumbu ambazo baadhi yao waliziandika walipokuwa watu wazima. Dai langu ni kwamba kumbukumbu hizo zisisomwe kama pambo la fasihi lililotundikwa kando ya historia yenyewe. Katika nyumba hizo, lugha ya nyumbani, na hasa majina na maneno ya kuitana jamaa, ndiyo iliyohifadhi ukweli ambao hati ziliuficha. Tatizo, na ndilo linalofanya kumbukumbu hizo ziwe ngumu kutumiwa, ni kwamba watoto wenyewe mara nyingi hawakupewa ufunguo wa sanduku walilokuwa wamelikalia.

Yafaa kwanza kuieleza sheria, kwa sababu bila sheria hiyo uongo usingekuwapo. Wachina walianza kufika California kwa maelfu baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1848. Wengi walitoka katika eneo dogo sana la jimbo la Guangdong, kusini mwa China, liitwalo Siyi, yaani wilaya nne: Xinhui, Taishan, Kaiping na Enping. Lugha yao ni ya jamii ya Kikantoni, lakini lahaja ya Taishan iko mbali na Kikantoni cha mji wa Guangzhou kiasi cha kumtatiza msikilizaji wa mjini. Katika lugha hiyo, San Francisco na nchi yote iliyo nyuma yake iliitwa Gam Saan, Mlima wa Dhahabu. Reli ya kuvuka bara ilikamilika mwaka 1869, nayo upande wa magharibi ilijengwa zaidi kwa jasho la watu hao. Kazi zilipopungua na chuki ikapanda, bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1882 sheria iliyopiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini kwa miaka 10 na kuwanyima Wachina haki ya kuandikishwa uraia. Sheria hiyo iliongezewa muda mwaka 1892, tena mwaka 1902, na mwaka 1904 ikaachwa bila kikomo. Ilifutwa mwaka 1943, na hata hapo nafasi zilizotolewa kwa Wachina zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Sheria ya 1892 ilimlazimu kila kibarua Mchina kuwa na cheti cha ukaaji. Asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa maana ya kipande.

Palikuwa na mianya. Wafanyabiashara, walimu, wanafunzi, wasafiri na wajumbe wa serikali hawakuzuiwa. Aidha, mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Wong Kim Ark aliyezaliwa San Francisco, kwamba mtu aliyezaliwa katika ardhi ya nchi hiyo ni raia hata kama wazazi wake hawawezi kuwa raia. Kisha tarehe 18 Aprili 1906 mji ulipigwa na zilzala, moto ukafuata, na daftari za vizazi zilizokuwa katika jumba la halmashauri zikateketea. Tangu siku hiyo Mchina aliyedai kuwa amezaliwa mjini humo hakuweza kuthibitisha, lakini wala serikali haikuweza kukanusha.

Mtu aliyekubaliwa kuwa raia kwa njia hiyo aliweza kuwarithisha uraia watoto wake waliozaliwa China. Kila aliporudi kutoka kumtembelea mkewe kijijini alitangaza kwamba amejaliwa mtoto wa kiume, hata kama alikuwa amepata binti au hakupata kitu. Nafasi hiyo ikawa mali. Alipewa mpwa, au iliuzwa kwa kijana wa jirani, ambaye aliichukua pamoja na jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa na orodha ya ndugu ambao hakuwahi kuwaona. Vijana hao waliitwa wana wa karatasi, na wasichana wachache walioingia kwa njia hiyo wakaitwa mabinti wa karatasi.

Serikali haikuwa mjinga. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1940 wageni kutoka Asia walizuiliwa katika kituo cha Angel Island, kisiwa kilichomo ndani ya ghuba ya San Francisco. Huko mwombaji alihojiwa kwa njia ya mkalimani, na baba yake wa karatasi akahojiwa mbali naye, kisha majibu yakalinganishwa. Waliulizwa: Nyumba yenu ina vidato vingapi mlangoni? Nani anakaa nyumba ya tatu katika safu ya pili? Kasha la mchele limewekwa upande gani? Kisima kiko wapi? Bibi yako mzaa mama alikufa lini? Ili kuyajibu, vijana walikariri daftari zilizoandikwa kwa ajili hiyo, na walipokaribia nchi kavu wakazitupa baharini. Wengine walichoraji ramani za kijiji kwa mkono wao mbele ya afisa. Mahojiano ya mtoto mmoja yaliweza kujaza makumi ya kurasa. Faili hizo zimehifadhiwa hata leo katika tawi la Hifadhi ya Taifa lililoko San Bruno, karibu na San Francisco, na ni nadra kupata mahali pengine duniani ambapo vijiji vya wakulima vimeelezwa kwa undani hivyo, hadi idadi ya kuku. Mtafiti akizifungua hufurahi. Inambidi akumbuke kwamba kijiji pengine ni cha kweli, vidato ni vya kweli, kasha la mchele ni la kweli, ila mtoto anayehesabu vidato hivyo si mtoto wa nyumba hiyo.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapokuwa na la kusema kuliko mwanahistoria. Kiingereza kina neno moja tu kwa ndugu wote wa kiume wa baba na wa mama. Kikantoni kinawatenga: kaka yake baba ni baak, mdogo wake baba ni suk, ndugu wa kiume wa mama ni kau. Kiswahili nacho kinatenga vivyo hivyo, baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, wala hatuwezi kumchanganya mmoja na mwingine bila kuonekana hatukufunzwa adabu. Sasa tumchukue kijana aliyeingia Marekani akiwa mwana wa karatasi wa baba yake mdogo. Mbele ya afisa mtu yule ni baba. Mezani, wakati wa kula, ni suk, na kumwita vinginevyo kungekuwa kumkufuru baba mzazi aliyebaki kijijini. Ndugu wa karatasi ni binamu. Babu wa karatasi huenda si jamaa kabisa. Watu wazima waliishi na mifumo miwili ya nasaba kichwani, mmoja wa lugha ya ofisi na mwingine wa lugha ya moyo, na walipohama kutoka lugha moja hadi nyingine walihama pia kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Mtoto aliyezaliwa San Francisco alisikia yote mawili. Shuleni aliandika jina la karatasi. Nyumbani, wageni walipokuja mwaka mpya, alisikia baba akiitwa kwa jina jingine, naye akakatazwa kuuliza.

Watoto wenyewe walikuwa wachache kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1875 ilikuwa imekwisha kuwafanyia ugumu wanawake wa Kichina kuingia, na hesabu ya watu ya mwaka 1890 ilikuta wanaume zaidi ya 26 kwa kila mwanamke mmoja. Ilipofika mwaka 1940 ndipo Wachina waliozaliwa Marekani walipozidi kwa mara ya kwanza wale waliozaliwa ng'ambo. Kwa hiyo kizazi kilichoandika kumbukumbu za utoto ni kizazi cha miaka ya kati ya 1910 na 1950, watoto wa maduka, wa vyumba vya dobi na wa viwanda vidogo vya kushona.

Kuhusu shule, yatosha kutaja shauri la Mamie Tape, msichana wa miaka 8 aliyekataliwa na shule ya serikali mjini San Francisco mwaka 1884. Wazazi wake walishtaki na mwaka 1885 Mahakama Kuu ya California ikawapa haki. Papo hapo jimbo likabadili sheria na kufungua shule ya Wachina peke yao. Kifungu kilichoruhusu kuwatenga kilifutwa mwaka 1947. Jioni watoto walikwenda tena shule nyingine, ya Kichina, iliyoendeshwa na jumuiya yenyewe. Shule za namna hiyo zilikuwapo mjini humo tangu miaka ya 1880.

Kati ya vitabu vya kumbukumbu hizo, viwili vinafaa kuangaliwa kwa karibu. Cha kwanza ni Fifth Chinese Daughter cha Jade Snow Wong, kilichotoka mwaka 1950. Mwandishi alizaliwa San Francisco mwaka 1922. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kushona ovaroli, na familia iliishi humo humo kiwandani, mlio wa cherehani ukiwa ndio usingizi wa watoto. Kitabu chote kimeandikwa katika nafsi ya tatu. Mwandishi anaeleza kwamba adabu ya Kichina haimruhusu mtu, sembuse binti, kujazia kurasa neno la kujitaja mwenyewe. Sisi tuliozoea kuandika “mwandishi wa makala haya” hatuna haki ya kumcheka. Lakini nafsi hiyo ya tatu inafanya kazi nyingine ambayo nadhani Wong mwenyewe hakuikusudia: inamwonyesha mtoto aliyejifunza mapema kwamba anayeongelewa na anayeongea si lazima wawe mmoja.

Kitabu hicho kina utajiri wa mambo madogo. Yapo maelezo ya namna ya kuosha mchele na kuupika, kazi ambayo msichana alipaswa kuimudu akiwa na umri wa miaka 11, na yanaelezwa kwa makini ya mtu anayefundisha ibada. Lipo pia tukio la shuleni ambapo mtoto aligongwa kwa bahati mbaya na gongo la mchezo, mwalimu wa kizungu akamkumbatia kumtuliza, na mtoto akashtuka zaidi kwa kukumbatiwa kuliko kwa maumivu, kwa kuwa hakukumbuka ni lini mama yake alimshika hivyo. Hakuna faili ya San Bruno iliyouliza swali ambalo jibu lake lingekuwa hilo. Afisa alitaka kujua kasha la mchele limesimama wapi. Namna mchele ulivyooshwa, na mkono wa nani uliokuwa mkali juu ya bakuli, hayakumhusu.

Cha pili ni The Woman Warrior cha Maxine Hong Kingston, kilichotoka mwaka 1976 na kupata mwaka huo tuzo ya wahakiki wa vitabu wa Marekani katika fungu la maandishi yasiyo ya kubuni. Kingston alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Stockton, California, ambako wazazi wake walikuwa madobi. Kitabu kinaanza kwa siri: mama anamsimulia binti habari za shangazi aliyefutwa katika ukoo, na hapo hapo anamwonya asimwambie mtu. Kuanzia hapo msomaji yumo ndani ya nyumba ambayo habari hutolewa na kunyang'anywa kwa pumzi moja. Mtoto hajui lipi ni hadithi, lipi ni ndoto, lipi ni la kweli. Shuleni, katika Kiingereza, sauti yake haitoki kabisa. Jioni, katika shule ya Kichina, watoto hao hao wanapaza sauti wakisoma kwa pamoja hadi kuta zinatetemeka. Katika sehemu moja duka la dawa linaleta kwa makosa dawa ya mtu mwingine nyumbani kwao. Mama anaiona hiyo kuwa laana iliyoletwa mlangoni, naye anamtuma binti akadai peremende ili uchungu uondolewe. Binti anasimama mbele ya muuzaji asijue namna ya kuyasema hayo kwa Kiingereza. Muuzaji anadhani ni maskini wanaoomba, na tangu siku hiyo anawapa peremende kwa huruma. Yeyote aliyepata kuwa mkalimani wa wazazi wake ofisini au hospitalini atatambua kwamba kosa hapo si la msamiati.

Kichwa kidogo cha kitabu hicho kinataja utoto wa msichana miongoni mwa mizuka, na hapa naomba nafasi ya kuchepuka kidogo. Neno la Kikantoni ni gwai, ambalo ni roho ya marehemu, tena ni kiumbe kiovu, tena ni jina walilopewa Wazungu na wageni wote: gwai wa posta, gwai wa gazeti, gwai wa kusoma mita ya gesi. Mfasiri wa Kiswahili atachagua nini? Mzimu haufai, kwani wazimu wetu ni jamaa, tunawaheshimu na kuwapelekea sadaka. Pepo humwingia mtu, na gwai wa posta hamwingii mtu yeyote. Zimwi lina ukatili wa kutosha lakini halijawahi kufa. Nimechukua mzuka, ingawa nakiri moyoni kwamba zimwi lingewatisha watoto zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa mtoto wa Stockton mzuka mkubwa kuliko wote alikuwa wa uhamiaji. Watoto walifundishwa kwamba mbele ya mizuka hakusemwi jina halisi, wala mwaka wa kufika, wala kazi ya baba, kwa sababu mtu aliweza kurudishwa China kwa neno moja la mtoto.

Kwa hiyo Kingston alipoandika China Men mwaka 1980, kitabu cha wanaume wa ukoo wake, hakusimulia namna moja ya baba kuingia Marekani. Alisimulia zaidi ya moja: katika moja baba amefichwa ndani ya sanduku melini hadi New York, katika nyingine amepita Angel Island kwa njia halali, na pengine baba amezaliwa San Francisco kabla ya zilzala. Wahakiki wameiita hiyo mbinu ya kisasa ya usimulizi. Mimi naiona kuwa ni uaminifu wa kihistoria wa hali ya juu. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakupewa habari moja. Alipewa kadhaa, kila moja na mahali pake pa kusemewa.

Vitabu hivi vimeshambuliwa, na haifai kuyafumbia macho mashambulizi hayo. Frank Chin, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa mkusanyiko wa Aiiieeeee! mwaka 1974, alidai katika maandishi yake ya baadaye kwamba tawasifu si utanzu wa Kichina bali wa Kikristo, na kwamba Pardee Lowe, aliyetoa kitabu chake mwaka 1943, na Wong na Kingston waliwauzia wasomaji weupe Uchina wa kubuni. Kuhusu Wong, Chin ana sehemu ya haki: mwaka 1953 wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilimtuma mwandishi huyo kuzunguka Asia, na mtu hatumwi safari kama hiyo ikiwa kitabu chake kinaiudhi serikali. Lakini nadhani Chin anakosea anapodai kwamba kumbukumbu iliyochanganyika na uzushi haina thamani ya ushahidi. Katika jumuiya hii uzushi uliingia nyumbani kupitia dirisha la sheria. Kuwadai watoto wake kumbukumbu safi ni kuwadai kitu ambacho sheria iliwanyang'anya kabla hawajazaliwa.

Mambo yalikuja kuwa mazito zaidi kati ya miaka 1956 na 1965, wakati wa vita baridi, serikali ilipowaalika Wachina waungame udanganyifu wao wa karatasi wapate kurekebishiwa hadhi yao. Waliokubali walikuwa zaidi ya 13,000. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba hakuna aliyeweza kuungama peke yake: aliyemtaja baba yake wa kweli alikuwa amemfichua baba wa karatasi na ndugu wote wa karatasi, nao walikuwa wengi kuliko waliojitokeza wenyewe. Koo ziligombana. Vijana waliokuwa wanasoma vyuo waliambiwa jioni moja kwamba jina waliloandika katika kila daftari tangu darasa la kwanza halikuwa lao. Wengine walirudia jina la zamani. Wengine, wakiwa na vyeti, kazi na wake, walibaki na la karatasi.

Wapo waliokuwa wamejihami mapema, na kwa njia ya lugha. Him Mark Lai, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2009, ndiye mtafiti aliyefanya zaidi ya mtu yeyote kuweka msingi wa historia ya Wachina wa Marekani. Mwaka 1969, pamoja na Philip Choy, alifundisha somo la kwanza la chuo kikuu juu ya historia hiyo huko San Francisco State. Lai ni jina la karatasi alilolichukua baba yake. Jina la ukoo ni Mak. Baba, asiyeweza kuliandika mahali pake, aliwapa watoto wake jina la kati la Mark, ambalo karani wa Marekani aliliona kuwa jina la kawaida kabisa la Kikristo. Vivyo hivyo katika makaburi ya Wachina kusini ya San Francisco yapo mawe yenye majina mawili: kwa herufi za Kirumi jina la karatasi, na kwa maandishi ya Kichina, yasomwayo na wenyewe tu, jina la ukoo wa kweli. Mtafiti anayesoma Kiingereza peke yake atamzika marehemu katika ukoo wa watu wengine.

Mwaka 1980 Lai, pamoja na Genny Lim na Judy Yung, ambaye jina lake la Yung nalo ni la karatasi, baba yake akiwa wa ukoo wa Tom, walichapisha kitabu kiitwacho Island. Walikusanya humo mashairi ambayo wazuiliwa waliyaandika na kuyachonga katika kuta za mbao za Angel Island, pamoja na mahojiano na wazee waliopita hapo wakiwa vijana. Ilikuwa imepita miaka 37 tangu sheria ya 1882 ifutwe, na miaka 15 tangu mpango wa kuungama uishe. Wazee walikubali kusimulia chakula, vitanda, vilio vya usiku na maswali ya vidato. Majina yao hayakuchapishwa.